Kila Mteja na Ripoti Yake: Kugawa Ripoti za Biashara Bila Data ya Mmoja Kuvuja kwa Mwingine

Kigoma mjini wafanyabiashara wanajuana. Mshauri anayemtengenezea ripoti mnunuzi wa dagaa wa Kibirizi mara nyingi anamtengenezea pia mnunuzi wa pili aliye hatua chache kutoka hapo, na wa tatu mwenye stoo ya mawese Ujiji anayewauzia watu wale wale. Bei ya kununulia, majina ya wavuvi waliokopeshwa mafuta na nyavu, mteja wa Bujumbura au Kalemie anayelipa kwa wakati: haya ndiyo mambo ambayo jirani angetoa hela nzuri kuyajua. Likivuja moja, mteja anaondoka, na habari inafika sokoni kabla ya jioni.

Mwongozo huu ni wa ofisi ndogo ya ushauri yenye wateja watano hadi ishirini, inayotumia Excel, Google Sheets, Looker Studio au Power BI. Kanuni inayoongoza kila hatua ni moja: kitu unachomkabidhi mteja kisiwe na data ya mteja mwingine ndani yake. Isiwe imefichwa, isiwe imechujwa kwa juu, isiwe imefungwa kwa nenosiri la shiti. Isiwemo. Kinachovujisha ripoti katika ofisi ndogo ni mtu mwaminifu aliyetuma faili akiamini kwamba asichokiona yeye kwenye kioo, mteja naye hakioni, mdukuzi hahitajiki.

Excel hubeba zaidi ya inachoonyesha

Fanya jaribio hili leo kwenye kompyuta yako. Chukua jedwali la mauzo lenye wateja wote. Tengeneza pivoti (PivotTable, jedwali la muhtasari), ichuje abaki mteja mmoja, kisha futa shiti lenye data ghafi. Hifadhi, funga, fungua upya. Sasa ondoa kichujio: wateja wote wanarudi. Bonyeza mara mbili kwenye seli ya jumla kuu: Excel inafungua shiti jipya na kumwaga humo mistari yote, tarehe, kilo, bei na jina la mnunuzi, ingawa shiti la asili ulishalifuta.

Ukitaka kuona data hiyo inakaa wapi, tengeneza nakala ya faili, badilisha mwisho wa jina kutoka .xlsx kuwa .zip, na ulifungue. Ingia folda ya xl, halafu pivotCache. Humo utakuta pivotCacheDefinition1.xml. Lifungue kwa Notepad na utasoma majina ya wateja wako wote. Pembeni yake kuna pivotCacheRecords1.xml, na hayo ndiyo mauzo yenyewe, mstari kwa mstari. Pivoti hutunza nakala yake ya data ili ifanye kazi haraka, na nakala hiyo husafiri na faili popote linapokwenda.

Dawa ni mpangilio wa kazi: kata data kwanza, tengeneza pivoti baadaye. Fungua kitabu kipya kabisa cha Excel, ingiza humo mistari ya mteja huyo peke yake, kisha jenga pivoti na chati juu ya mistari hiyo. Usichukue faili la mteja wa kwanza na kubandika data ya wa pili juu yake, maana orodha ya kichujio hukumbuka majina ya zamani hata data yake ikishatoka. Kama umelazimika kufanya hivyo, ingia PivotTable Options, kichupo cha Data, weka None kwenye idadi ya vitu vya kubakiza kwa kila safu, kisha fanya Refresh. Hapo hapo unaweza kuondoa tiki ya kuhifadhi data ya asili pamoja na faili. Hiyo ni kinga ya pili. Ya kwanza inabaki kukata data mapema.

Mambo mengine matatu ya Excel yanastahili tahadhari. Shiti lililofichwa hufichuliwa kwa kubofya kulia. Nenosiri la kulinda shiti huzuia watu kuhariri tu, halifichi kitu, na mtu mwenye subira huliondoa kwa kuhariri lile lile faili la zip. Nenosiri linalofunga kweli ni lile la kufungua faili zima, Encrypt with Password kwenye menyu ya Info. Na chati unayoihamishia kwenye Word au PowerPoint inaweza kubeba kitabu kizima cha Excel ndani yake ukichagua kuipachika pamoja na kitabu. Bandika chati kama picha kila mara, usisubiri kukumbuka.

Google Sheets na Looker Studio

Faili moja kwa mteja mmoja, folda moja kwa mteja mmoja. Faili likiwekwa ndani ya folda iliyoshirikiwa, linarithi ruhusa za folda, kwa hiyo usiwe na folda ya jumla iitwayo "Ripoti za wateja" ambayo watu wa nje wameingizwa.

Ofisi nyingi zina shiti kuu lenye data yote, halafu kila shiti la mteja linavuta sehemu yake kwa IMPORTRANGE, fomula inayoleta data kutoka faili jingine. Njia hii ni hatari, na hatari yenyewe haionekani. Ukishaidhinisha muunganiko mara moja, mtu yeyote mwenye haki ya kuhariri shiti la mteja anaweza kuandika IMPORTRANGE nyingine na kuvuta sehemu yoyote ya shiti kuu, si ile uliyomkusudia tu. Mteja akihitaji kuhariri, mpe shiti lenye thamani zilizobandikwa, bila fomula. Akihitaji kutazama tu, mpe haki ya kutazama, na uzime ruhusa ya kupakua, kuchapa na kunakili. Kutazama pekee hakumzuii mtu kutengeneza nakala, na kwenye nakala shiti zilizofichwa hufunguka.

Looker Studio kwa kawaida husoma data kwa kitambulisho cha mwenye chanzo, yaani wewe, si cha anayetazama. Maana yake ni kwamba chochote kilichomo kwenye chanzo, ripoti inaweza kukionyesha kwa mtazamaji ukikosea kichujio kimoja. Iunganishe ripoti ya kila mteja na shiti la mteja huyo tu. Kipo kichujio cha barua pepe kinacholinganisha safu ya barua pepe kwenye data na akaunti ya Google ya mtazamaji, na kinafaa wateja wakiwa wengi, lakini kinahitaji kila mstari uwe na barua pepe sahihi. Kitu cha kuepuka kabisa ni linki yenye namba ya mteja mwishoni, mfano mteja=07. Mtu akibadilisha 07 kuwa 08 na ripoti ikafunguka, hapo umeweka alama tu, ulinzi haupo.

Power BI: kiolezo kimoja, modeli nyingi

Kwa wateja chini ya kumi na tano, pendekezo letu ni hili: kila mteja awe na eneo lake la kazi (workspace), modeli yake (majedwali ya data ambayo ripoti inasoma) na ripoti yake. Ni kazi zaidi kidogo kila mwezi, lakini kosa la mteja mmoja haliwezi kumgusa mwingine, na mteja akiondoka unafuta eneo lake zima bila kugusa kitu kingine.

Ili usijenge ripoti ileile mara kumi, tumia kiolezo. Ndani ya Power Query, sehemu ya Power BI ya kuandaa data, tengeneza parameta iitwayo MtejaID. Kwenye jedwali la mauzo, weka hatua ya kuchuja mistari ambayo safu ya MtejaID inalingana na parameta, na iwe hatua ya mwanzo kabisa baada ya chanzo. Rudia kwa kila jedwali lenye data ya wateja: manunuzi, madeni, gharama za boti, stoo. Hifadhi kama .pbit, yaani faili la kiolezo. Faili la .pbit halibebi data. Ukilifungua, linakuuliza MtejaID. Unaandika namba, linavuta mistari ya mteja huyo tu, na unachapisha kwenye eneo lake la kazi.

Kuna mtego mmoja hapa. Ukiwa na jedwali la maandalizi lenye data ya wote, ambalo jedwali lililochujwa linatokana nalo, hakikisha jedwali hilo la maandalizi halipakiwi kwenye modeli. Bofya kulia jina lake ndani ya Power Query na uondoe tiki ya Enable load. Jina lake litageuka la mlalo. Ukisahau, data yote imo ndani ya modeli ya mteja hata kama hakuna chati inayoitumia. Orodha ya majina ya wateja nayo ikaguliwe: mara nyingi huachwa bila kuchujwa kwa sababu "ni majina tu", wakati kwa mfanyabiashara wa Kibirizi majina ya wateja wako wengine ni habari tosha.

Usimtumie mteja faili la .pbix, lile la ripoti yenyewe. Lina data yote iliyopakiwa, na ulinzi wa mistari, unaoelezwa hapa chini, haumzuii anayelifungua kwenye kompyuta yake.

Kuhusu kumwingiza mteja: mwenye Gmail hawezi kujisajili Power BI mwenyewe kwa anwani hiyo. Unamwalika kama mgeni kwenye akaunti ya kampuni yako ndani ya Microsoft Entra, sehemu ya kusimamia akaunti za watumiaji, kisha unampa leseni. Leseni ya Pro ni dola 14 za Marekani kwa mtu kwa mwezi tangu Aprili 2025. Ofisi yenye wafanyakazi wawili na wateja sita, kila mteja akiwa na mtazamaji mmoja, inalipa dola 112 kwa mwezi. Piga hesabu hiyo kabla ya kumwahidi mtu dashibodi. Mfanyabiashara anayetazama hesabu mara moja kwa mwezi haihitaji. PDF nzuri ya kurasa nne inamtosha na ina njia chache za kuvuja.

Na kitufe cha Publish to web kizimwe kwa ofisi nzima kupitia mipangilio ya msimamizi. Kinatoa linki isiyohitaji kuingia kwa akaunti, inayofunguka kwa mtu yeyote duniani. Kimeundwa kwa takwimu za umma. Watu hukibofya kwa sababu mteja amelalamika kwamba kuingia kunamsumbua, na ripoti ya biashara yake inakuwa hadharani bila yeye kujua.

Ukilazimika kutumia modeli moja kwa wote

Wateja wakizidi kumi na tano, au data ikisasishwa kila siku, modeli nyingi zinachosha. Hapo unatumia ulinzi wa mistari (row-level security): modeli ni moja, lakini kila mtazamaji anaona mistari yake tu. Tengeneza jedwali liitwalo Ruhusa lenye safu mbili, Barua na MtejaID. Kwenye Manage roles, tengeneza jukumu moja, na kwenye jedwali la Wateja weka:

[MtejaID] = LOOKUPVALUE(Ruhusa[MtejaID], Ruhusa[Barua], USERPRINCIPALNAME())

USERPRINCIPALNAME() ni jina la akaunti ya anayetazama, na LOOKUPVALUE hulitafutia MtejaID wake kwenye Ruhusa. Jedwali la Ruhusa lenyewe liwekee [Barua] = USERPRINCIPALNAME(), mtu asione orodha ya wenzake. Ukishachapisha, rudi kwenye mipangilio ya usalama ya modeli na uwaweke wateja ndani ya jukumu hilo.

Njia hii ikiharibika, huharibika kwa namna zinazojulikana, na zote zinaweza kukaguliwa.

Ya kwanza ni haki za eneo la kazi. Ulinzi wa mistari humfunga mwenye haki ya Viewer, yaani ya kutazama tu, peke yake. Ukimpa mteja haki ya Contributor, Member au Admin ili "aweze kurekebisha rangi", anaona kila kitu cha kila mtu.

Ya pili ni mistari isiyo na MtejaID. Mtu asiyekuwepo kwenye jedwali la Ruhusa anapata jibu tupu kutoka LOOKUPVALUE, na DAX, lugha ya fomula za Power BI, inahesabu tupu kuwa sawa na tupu, na hata sawa na sifuri. Kwa hiyo mteja uliyemsajili bila namba, au kwa namba 0, anaonekana na mgeni asiyehusika. Anza namba za wateja kwenye 101 na uzuie safu hiyo kuwa wazi tangu kwenye chanzo.

Ya tatu ni majedwali yasiyounganishwa. Kichujio husafiri kwa njia ya uhusiano kati ya majedwali. Jedwali la muhtasari ulilolitengeneza kwa DAX na kuliacha peke yake linahesabiwa wakati wa kusasisha data, kabla ulinzi haujafanya kazi, na mteja yeyote analiona lote. Fungua mchoro wa modeli na ufuate mstari kutoka Wateja hadi kila jedwali. Lisilofikiwa litoke.

Ya nne ni jina la mgeni. Aliyealikwa kutoka nje anaweza kutambulika kwa jina lisilofanana na barua pepe uliyoiandika. Kabla ya kujaza Ruhusa, weka ukurasa wa majaribio wenye kadi moja inayoonyesha USERPRINCIPALNAME(), mwombe mteja aufungue na akutumie picha ya kioo. Andika kile kilichoonekana, herufi kwa herufi. Ukikosea, mteja anaona ripoti tupu. Ni usumbufu, lakini hakuna kilichovuja.

Ukurasa uliofichwa na kichujio cha ripoti haviingii kwenye orodha hii kwa sababu si ulinzi hata kidogo.

Simu, laini na saa ya Bujumbura

Uthibitisho wa hatua mbili uwe lazima, kwako na kwa kila mteja mwenye akaunti. Kwa Kigoma, chagua programu ya kutoa namba za uthibitisho badala ya SMS. Mfanyabiashara anayevuka kwenda Burundi au Kongo hubadilisha laini, na SMS inayokwenda kwenye laini ya nyumbani iliyolala mfukoni haimfikii. Programu hutoa namba hata bila mtandao.

Ina sharti moja: saa ya simu iwe sahihi. Burundi na upande wa Kongo unaotazamana nasi wako saa moja nyuma ya Tanzania. Mteja akifika Bujumbura akarudisha saa kwa mkono badala ya kubadilisha ukanda wa saa, simu inaamini ni saa moja mapema kuliko ilivyo kweli, na kila namba inayotolewa inakataliwa. Atakupigia akisema akaunti imefungwa. Mwambie aweke saa ijipange yenyewe kwa mtandao, kisha ajaribu tena. Usimzimie hatua ya pili ili "apite kwanza".

Akaunti ni ya mtu, si ya duka. Akaunti moja inayotumiwa na mwenye mali, karani na shemeji haikuambii nani alipakua nini, na siku karani akihamia kwa mshindani, nenosiri anahama nalo.

PDF, WhatsApp na stationery

Ripoti nyingi zitafika kwa PDF, na hakuna ubaya. Funga PDF kwa nenosiri la kufungulia. LibreOffice ina sehemu ya Security pale unapohamisha kwenda PDF. Word ya Windows ina chaguo hilo ndani ya Options wakati wa kuhifadhi. Usipeleke ripoti kwenye tovuti za bure za kufunga PDF, maana umempa mtu usiyemjua ripoti ikiwa wazi ili akufungie.

Data ghafi itume kwa 7-Zip, aina ya .7z, na uweke tiki kwenye kuficha majina ya faili. Bila tiki hiyo, mtu asiye na nenosiri bado anaona kwamba ndani kuna faili liitwalo "Madeni_wavuvi_Katonga". Ukituma .zip, chagua AES-256, si ZipCrypto, ambayo ni dhaifu.

Nenosiri liwe maneno manne au matano yasiyohusiana, mfano muundo wa "kasia-bati-njegere-mlango-saba", na kila mteja na lake. Namba ya simu, jina la boti na mwaka ni vitu vya kukisiwa. Lisome kwa sauti kwenye simu. Ukilituma kwenye WhatsApp ile ile iliyobeba ripoti, aliyeiba simu amepata kufuli na ufunguo pamoja.

Tuma kwa mtu, si kwa kundi. Majina ya kwenye simu yawe na alama ya kampuni mbele, kwa sababu Kigoma ina akina Juma na Mama Asha wengi, na WhatsApp hupandisha juu jina la aliyeongea mwisho. Kwenye Gmail weka muda wa kughairi kuwa sekunde 30, ambao ndio mrefu kuliko yote.

Kuchapa nje ya ofisi ni tundu kubwa kuliko yote haya. Ukipeleka PDF stationery kwa flashi au kwa kuituma WhatsApp ya dukani, nakala inabaki pale, na mteja wako mwingine ndiye anayefuata kwenye foleni. Printa ndogo ya ofisini ni sehemu ya gharama za kazi hii. Siku imeharibika, chapa kutoka kwenye flashi, simama hapo hapo, hakikisha faili halikunakiliwa kwenye desktop, na uchukue hata karatasi zilizoharibika.

Wastani unaomtaja jirani

Hapa hata washauri makini huteleza, kwa sababu faili ni safi, akaunti ni safi, na siri inatoka kwa hesabu ya kutoa. Mteja anauliza, "Wenzangu wanafanyaje?" Ni swali la haki, na jibu lake ndilo linaloipa ripoti thamani.

Tuseme una wanunuzi wawili wa dagaa. Ripoti inasema wateja wetu wote walinunua tani 60 mwezi huu. Wa kwanza anajua yeye alinunua 25. Anatoa, anapata 35, na amejua hesabu ya jirani kamili. Ukimwekea wastani badala ya jumla, anazidisha kwa mbili na kutoa. Wakiwa watatu, wawili wakiwa ndugu au wanakunywa chai pamoja, wa tatu yuko uchi. Wakiwa wanne na mmoja ananunua kuliko wengine wote kwa pamoja, wastani unamfuata huyo huyo.

Muda nao unafichua. Mwezi wa tatu jumla ni tani 90 kwa wateja watano, mwezi wa nne ni tani 118 kwa wateja sita, wengine hawakubadilika sana. Mteja mpya ananunua karibu tani 28, na mji mzima unajua nani amehamia kwako.

Ofisi za takwimu hutatua jambo hili kwa kanuni mbili, na zinafaa ofisini kwako: kikundi kisipofikia idadi fulani ya wachangiaji hakitolewi, na kikundi ambacho mmoja ametawala hakitolewi. Kwa kazi yetu, weka angalau watano bila kumhesabu anayesoma, na asiwepo anayezidi nusu ya jumla. Onyesha asilimia ya mabadiliko au safu ya bei badala ya tani. Kikundi kikiwa kidogo, tumia data ya hadharani: kwa mahindi, mchele na maharage kuna bei za jumla zinazotolewa na Wizara ya Viwanda na Biashara, na kwa mafuta ya boti kuna bei kikomo za EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Kwa dagaa wa wateja watatu, jibu sahihi ni kumwambia mteja kwamba hutampa ulinganisho. Ataelewa haraka ukimweleza kwamba wenzake nao wamenyimwa wa kwake.

Sheria na mkataba

Ripoti yenye majina ya wavuvi, namba zao za simu na madeni yao ina taarifa binafsi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya 2022, ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Inawataka wanaokusanya na wanaochakata taarifa binafsi wasajiliwe na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na inaweka masharti ya kuzipeleka nje ya nchi. Seva za huduma nyingi za wingu ziko nje, na kumtumia ripoti mbia wa Bujumbura pia ni kupeleka nje. Njia nyepesi ni kutoa majina: mvuvi awe K-014, na orodha ya namba na majina ibaki kwa mteja. Chati ya madeni haipungukiwi kitu.

Kwenye mkataba andika nani kwa jina ana haki ya kupokea, kwamba data itafutwa ndani ya siku ngapi baada ya mkataba kuisha, na kwamba unawahudumia pia washindani wake. Sentensi hiyo ya mwisho isikwepwe. Akiisikia kwako ni utaratibu wa kazi; akiisikia mwaloni ni usaliti.

Kabla ya kutuma, na baada ya kuharibika

Tengeneza akaunti ya majaribio isiyo na haki yoyote zaidi ya zile za mteja, na uitumie kwenye dirisha la faragha la kivinjari. View as ya Power BI inasaidia wakati wa kujenga, lakini haikuonyeshi makosa ya haki za eneo la kazi. Ukiingia kama mteja: hamisha data ya kila chati kwenda Excel na uhesabu mistari, bandika linki ya ripoti ya mteja mwingine uone kama inakataa, tafuta ndani ya faili majina matatu ya wateja wengine. Kwa Excel, rudia jaribio la .zip na utafute majina hayo ndani ya folda ya xl. Kazi hii ifanywe na mtu ambaye hakutengeneza ripoti.

Weka daftari la ruhusa: mtu, kampuni, kitu anachokiona, tarehe aliyopewa, nani aliidhinisha. Kila miezi mitatu mtumie kila mteja orodha ya watu wake na umwombe ajibu ni nani bado yupo. Wateja hawatakwambia karani ameacha kazi mpaka uulize. Mkataba ukiisha, ondoa mgeni kwenye Entra, futa linki zilizoshirikiwa, simamisha ripoti zinazojituma zenyewe kwa barua pepe, kisha futa eneo la kazi.

Ripoti ikienda kwa mtu asiye wake, zima ruhusa kwanza na ufute ujumbe kwa wote kama ni WhatsApp, hata ukiona alama ya kusomwa. Piga picha ya kioo ya kilichotumwa, saa na aliyepokea. Mpigie mwenye data siku hiyo hiyo, umtajie ni safu zipi na za miezi ipi zilizoonekana. "Kuna hitilafu kidogo" haimsaidii kubadilisha bei yake kabla ya jirani hajaitumia. Mwombe aliyepokea athibitishe kwa maandishi kwamba amefuta. Kama zilikuwamo taarifa binafsi, toa taarifa kwa Tume bila kuchelewa. Kisha badilisha nenosiri la mteja huyo na, kabla ripoti nyingine haijatoka ofisini, tafuta kama njia hiyo hiyo iliwahi kuvujisha ripoti ya mwingine.